Injini Kubwa, Breki za Zamani

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuipima injini ikiwa tupu. Niliipima urefu, upana na kimo, nikarudia tena na tena, nikatengeneza mfano wake kwa mbao na maboksi, nikauingiza mbele ya gari. Ukaingia vizuri hata nikacheka peke yangu. Sikuyafikiria mabomba ya ekzosi. Injini ya silinda nane ina mabomba pande zote mbili, yametokeza kama mbavu, na mimi nilikuwa nimeyafungua na kuyasukuma kwenye kona ya gereji ili yasinisumbue nikipima.

Siku ya kuishusha injini yenyewe, bomba la kulia halikuwa na pa kupita. Palepale lilipotaka kushuka ndipo unapopita mtaimbo wa usukani. Nikalilazimisha. Nikaingia garini, nikazungusha usukani. Kushoto ulikwenda; kulia ulikwenda robo tu, ukagota.

Ingekuwa nilikuwa peke yangu, ningeitoa injini na kuanza upya, na hadithi ingeishia hapo. Lakini baba alikuwa amesimama mlangoni na wenzake wawili, wametoka msikitini, bado wana kofia.

"Fundi," akasema mmoja, "hili linakata kushoto tu?"

"Si kitu," akajibu mwengine. "Atazunguka kushoto mpaka afike."

Baba akacheka mpaka akashika ukuta. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, mikono imejaa grisi, na nilitamani ile milango ya bati ya gereji ituangukie sote. Tangu siku hiyo, kila mgeni aliyekuja nyumbani kwetu Thamesmead, London, aliambiwa habari za gari linalokata kushoto tu. Watu ambao hawajawahi kushika spana walinipa pole huku wanatafuna sambusa za mama.

Gari lilikuwa langu. Nataka nilieleze hilo mapema kwa sababu baadaye watu walilisahau. Lilikuwa gari la michezo la Kiingereza, la zamani, viti viwili, paa la turubai, boneti ndefu, na chini ya boneti hiyo ndefu injini ndogo ya silinda nne iliyokuwa ikikohoa kila asubuhi ya baridi. Nililinunua kwa kazi yangu ya ghalani. Injini kubwa niliitoa kwenye gari la saluni lililogongwa nyuma. Gereji tu ndiyo haikuwa yangu: kaunsili, serikali ya mtaa, waliikodisha kwa jina la baba, katika safu ya gereji chini ya magorofa yetu, na ufunguo wa gari ulining'inia kwenye msumari karibu na mlango wa nyumba, pamoja na funguo zote za nyumba. Kwetu hakuna ufunguo wa mtu mmoja.

Hakuna aliyenifundisha. Nilisoma vitabu vya maktaba na magazeti ya magari, nikafungua, nikavunja, nikafunga. Mtu anayejifundisha mwenyewe hana wa kumwambia "inatosha." Mimi sikujua inatosha iko wapi. Nilizifunga nyaya zote upya kwa sababu rangi zake hazikufuatana vizuri, ingawa taa zilikuwa zinawaka. Nilipaka ndani ya boneti rangi mara tatu. Nilibadilisha nati ambazo hakuna jicho la mwanadamu litakaloziona. Mama akiniuliza, "Limekuwa tayari, mwanangu?" nilijibu, "Bado." Dada yangu akiniuliza kwa Kiingereza chake cha shule, nilimjibu vilevile. Bado. Nilikuwa nasema bado hata usingizini, kwa alivyonieleza dada yangu. Na kila bado niliyoisema kwa ajili ya nati na rangi ilikuwa inanimalizia ile moja ambayo ningekuja kuihitaji.

Baada ya kuyatafutia yale mabomba njia nyingine, kupitia juu ya mtaimbo na kutokea kwenye matundu niliyoyakata mwenyewe kwa grenda, usukani ukakata pande zote. Jumamosi moja mchana injini ikawaka. Siwezi kuisahau sauti ile. Ile ndogo ilikuwa inakohoa. Hii ilinguruma chini kabisa, taratibu, mpaka makopo ya rangi yakatetemeka rafuni. Baba alishuka ngazi na ndara zake. Alisimama, akaweka kiganja juu ya boneti, akanitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza.

"Umeweza, baba," akaniambia. Aliniita baba. Aliniita hivyo nilipokuwa mdogo na aliacha muda mrefu.

Kisha akatoa simu yake ya mkononi, akampigia rafiki yake, akaielekeza simu kwenye injini. "Unasikia? Unasikia hiyo? Kijana wangu huyo!" Akacheka. Na palepale, huku mimi nimesimama na tambara mkononi, nikamsikia anasema: "Bwana harusi wako atakwenda na hili. Hapana, bwana weye, usinishukuru. Wallahi atakwenda na hili."

Rafiki yake huyo nilimwita ami ingawa hatukuwa na damu moja. Tulipofika London hatuna pa kulala, ami ndiye aliyetupokea, akatutandikia sebuleni kwake kwa miezi. Mtoto wake wa kiume alikuwa anaoa. Kwa desturi yetu, baada ya nikaha msikitini bwana harusi husindikizwa hadi nyumbani kwa kina bibi harusi kwenda kumpa mkono. Kina bibi harusi walikaa ng'ambo ya Shooters Hill, mlima wenye mteremko mkali. Baba alikuwa amesubiri miaka mingi kumlipa ami kwa kitu cha kuonekana, na kitu hicho sasa kilikuwa kinanguruma mbele yake.

Nilimwambia breki bado.

Tatizo ni hili, na nilimweleza kwa upole kabisa. Breki zilikuwa zilezile zilizotengenezwa kwa injini ndogo. Nilikuwa nimelipandisha gari mpaka juu ya Shooters Hill asubuhi yenye barabara tupu, nikateremka, nikakanyaga. Mara ya kwanza likashika. Mara ya pili likashika kidogo. Mara ya tatu pedali ikazama kama nimekanyaga mkate, harufu ya kuungua ikajaa, na nikalisimamisha kwa gia na breki ya mkono, matairi yakiwa yameparamia ukingo wa njia. Nilikuwa nimeshaagiza breki kubwa za diski, na muuzaji aliniambia zitachelewa.

"Wewe kwako kila siku bado," akasema baba. "Rangi bado. Nyaya bado. Sasa breki bado. Gari linawaka au haliwaki?"

"Linawaka. Halisimami."

"Wewe ulirudi nalo vipi? Ulilibeba?"

Mama alicheka. Dada yangu akacheka. Naandika haya miaka kadhaa baadaye na bado nasikia joto shingoni. Kitu pekee cha maana nilichowahi kusema kuhusu gari lile kiliingia masikioni mwao kikiwa mzaha, kwa sababu nilikuwa nimewazoesha mzaha.

Nilijaribu tena. Nilimwambia, basi nitaliendesha mimi mwenyewe, taratibu. Akasema bwana harusi ataendesha mwenyewe, ameshaambiwa, amefurahi, na gari lina viti viwili, cha pili ni cha ami yako. Nami nikae wapi, akaniuliza, juu ya boneti? Nikasema nitamweleza ami. Hapo akabadilika sura. "Ukimwambia ami yako kwamba nimemuahidi kitu ambacho sina, umenivua nguo mbele yake." Hakuliona neno alilolisema. Kitu ambacho sina. Nililiona mimi, nikaondoka kwa hasira.

Siku ya harusi nilipoamka ufunguo haukuwa msumarini.

Nililikuta gari nje ya msikiti, limefungwa utepe mweupe kutoka kioo hadi pua, na maua ya plastiki kwenye milango. Watu walikuwa wanapiga picha. Baba alikuwa ndani kwenye nikaha. Mpwa wa ami, aliyepewa ufunguo alinde, alinipungia mkono. "Fundi! Leo linakata kulia?"

"Fungua boneti," nikamwambia. "Nataka kutazama maji."

Akafungua bila kuuliza. Chini ya boneti kila kitu kilikuwa safi, nyaya zimelala sambamba, rangi yangu ya mara tatu inang'aa. Nilifungua kifuniko cha distribyuta, nikatoa rota. Ni kipande cha plastiki kidogo kama kokwa ya tende, ndicho kinachogawa moto kwa kila plagi. Bila hicho stata itazunguka mpaka betri ife na injini haitajua kuna mtu. Nikakitia mfukoni mwa kanzu. Nikarudisha kifuniko, nikafunga boneti, nikasema maji yapo.

Bwana harusi akatoka na joho na kilemba, watu wanamswalia Mtume, akaingia upande wa usukani. Ami akakaa kando yake, amejipinda kwa ufinyu, uso umejaa furaha. Baba alisimama mbele kabisa, mikono nyuma. Bwana harusi akazungusha ufunguo. Stata ikalia. Akazungusha tena.

"Silinda nane zote zimelala?" mtu akapiga kelele, na watu wakacheka.

"Zimekwenda kuchukua udhu!"

"Lisukumeni, jamaa, bibi harusi atazeeka!"

Baba hakucheka. Alinitazama mimi, akautazama mfuko wa kanzu yangu ambao nilikuwa nimeushika bila kujua. Akanisogelea, akasema chini kwa chini, midomo haisogei:

"Kitoe."

"Sitoi."

"Kitoe, mwanangu. Watu wanatazama."

"Breki, baba."

"Nitakupa radhi zangu zote ukitoa. Usipotoa, mimi na wewe basi."

Nilitaka sana kukitoa. Nilitaka aniite baba tena. Nikasema, "Nimekwambia halisimami," na sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Vicheko vikakatika. Ami akatoka garini polepole, akanyoosha kanzu yake, akasema, "Hakuna tabu, hakuna tabu," na akamshika mwanawe mkono. Waliondoka na basi dogo la mpwa wake, lililokuwa na viti vya watoto nyuma.

Nakiri jambo ambalo sijamwambia mtu. Kulikuwa na dakika moja, stata inalia na wale watu wanacheka, ambayo niliifurahia. Walikuwa wanalicheka gari langu, nami safari hii nilikuwa najua sababu. Breki zilikuwa mbovu kweli. Lakini siwezi kuapa kwamba ni breki peke yake zilizoutia ule mkono wangu chini ya boneti.

Baba hakunisemesha miezi. Alipita mbele ya gereji kama anapita mbele ya ukuta. Ami alinisamehe siku ileile, na kusamehe kwake kukamuumiza baba zaidi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama nilikuwa nasema kweli. Hilo ndilo linalonichoma. Walizungumza adabu, radhi, aibu, harusi. Pedali inayozama kama mkate hakuna aliyeitaja. Breki za diski zilipofika nilizifunga peke yangu, nikapanda Shooters Hill, nikateremka na kukanyaga, mara tatu, mara kumi, na kila mara gari likasimama pale nilipotaka. Nilishuka, nikasimama kando ya barabara, nikatafuta mtu wa kumwonyesha. Kulikuwa na mama wa Kiingereza na mbwa wake. Akaniuliza kama gari limeniharibikia.

Gereji sasa iko kwa jina langu na ufunguo nalala nao. Sisemi tena bado. Nikiulizwa nasema ndiyo au hapana, na nikisema hapana nataja kitu kinachokosekana. Mimi na baba tunazungumza. Kabla hajamuahidi mtu chochote changu hunipigia simu kwanza, na sauti yake ikiwa hivyo, ya kuomba, huwa sijui niiweke wapi. Gari linasimama vizuri. Yeye hajalipanda.