Bi Vipimo na Mwezi wa Joto

Mjini walimwita Bi Vipimo, hata wale ambao hawakujua anapima nini. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akifungua lango la kituo cha hali ya hewa, juu ya kilima nyuma ya shule, mara mbili kila siku: saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Ndani ya ua mlikuwa na sanduku jeupe la mbao lenye vipimajoto, kopo refu la kukingia mvua, na mlingoti wenye vikombe vitatu vinavyozungushwa na upepo. Alisoma, akaandika kwenye daftari, akapiga simu makao makuu kuwatajia tarakimu. Basi. Akipita sokoni, watu walimtania.

"Bi Vipimo, leo umetupikia nini?"

"Vumbi. Kaleni mshibe."

Mji wenyewe ulikaa ndani ya bakuli la vilima, mbali kabisa na bahari, na hali yake ya hewa haikuwa na adabu. Mwezi wa sita na wa saba baridi iliuma masikio. Mwezi wa nane ulishuka upepo ukang'oa mabango na kuwajaza watu mchanga machoni. Kisha joto likaanza kupanda, na kufikia mwezi wa kumi na moja hewa ilisimama, haiendi mbele wala nyuma. Hapo ndipo mji ulipochafuka. Madereva walishukiana kwa ngumi kwenye njia panda. Wauza nyama wawili waliokuwa marafiki wa kufa na kuzikana walikimbizana na visu mchana kweupe. Hospitali ilijaa vichwa vilivyopasuka. "Ni joto," watu walisema, wakafungana bandeji. Mwisho wa mwezi mvua ilikuja kwa radi na mawe, ikaponda mabati na mahindi, ndipo ikatulia na kunyesha kama mvua ya watu mpaka mwezi wa nne.

Bi Vipimo alikuwa na binti, kitindamimba wake, fundi cherehani. Aliolewa na mchomeleaji wa mageti, kijana wa miraba minne, mcheshi wa kuvunja mbavu. Miezi ya baridi mkwe huyo alipanda kilima na vifaa vyake, akarekebisha lango la kituo bila kuombwa. Alimwita Bi Vipimo "mama" na ilionekana yatoka moyoni.

Mwezi wa kumi na moja wa mwaka wa kwanza wa ndoa, binti alikuja kwa mama yake jicho limevimba. Alisema amegonga mlango. Mwaka wa pili alikuja kidole kimevunjika, na safari hii hakusingizia mlango. Bi Vipimo akaenda karakana kumkabili mkwewe.

"Nisamehe, mama," kijana alisema, machozi yanamlengalenga. "Nashinda na moto usoni kutwa, kichwa kinachemka. Wewe ndiye unayelipima hili joto, unalijua kuliko mimi."

Bi Vipimo akarudi kituoni, akafungua daftari. Siku ile kipimajoto kilikuwa kimefika thelathini na nane. Akamwonea huruma. Jioni akamwambia binti yake, "Vumilia, mwanangu. Mvua imekaribia."

Binti alimtazama, akachukua mkoba wake akaondoka.

Mwaka wa tatu joto lilizidi. Siku moja, saa tatu tu za asubuhi kipimajoto kilikuwa thelathini na tatu. Ilipofika saa nane na nusu mchana wingu jeusi lilikuwa limeketi juu ya kilima cha magharibi, tumbo lake la kijani, na Bi Vipimo alijua lile lina mawe. Alikuwa anachonga penseli simu ilipolia. Aliyepiga alikuwa mama muuza mkaa, jirani wa binti yake.

"Bi Vipimo, kimbia! Mwanao anauawa!"

Akatupa penseli. Mwanamke wa miaka hamsini na sita aliteremka kilima kile viatu mkononi.

Nyumba ilikuwa vyumba viwili nyuma ya karakana, na mlango wa chuma alioutengeneza mkwe mwenyewe. Ulikuwa umefungwa kwa ndani. Majirani walisimama nje wamekunja mikono. "Mambo ya mke na mume hayo," mmoja alisema. Bi Vipimo aliingia karakana, akachukua nyundo kubwa ya kunyooshea vyuma, akaushindilia mlango mpaka masikio yakawaziba watu.

Mlango ukafunguka. Mkwe alisimama kifua wazi, jasho linamtiririka, waya wa umeme umeviringishwa kwenye ngumi. Nyuma yake cherehani ilikuwa imepinduliwa, na binti alikuwa sakafuni anatema damu.

"Mama, toka," alisema. "Joto limenipanda, toka nisije nikakukosea heshima."

"Nimepima joto miaka kumi na tisa," Bi Vipimo alisema. "Sijaliona likishika waya."

Mkwe akamsukuma. Bi Vipimo akajigonga kisogo kwenye fremu ya mlango, akaona nyota. Mkwe akageuka akainua waya tena juu ya binti. Bi Vipimo akainuka, akazungusha nyundo kwa mikono miwili, akampiga gotini. Ule mlio hakuja kuusahau: kama kuni kavu. Kijana akaanguka akinguruma, akamkamata mama mkwe shingoni, na vidole vile vya kukunja chuma vikaanza kubana. Binti alimrukia mumewe mgongoni, akamng'ata sikio mpaka meno yakakutana.

Hapo upepo ukafika. Haukubisha hodi. Uliingia chini ya paa, ukalibeba bati la kwanza, la pili, misumari ikalia, na ghafla chumba kikawa hakina juu. Mawe ya barafu makubwa kama mayai yakashuka. Bati moja lilirudi likizunguka, likamchana mkwe mkono kutoka begani hadi kiwikoni. Akaiachia shingo.

Binti alimburura mama yake chini ya meza ya kukatia nguo. Mkwe alibaki katikati ya chumba, mguu haumchukui, mawe yanamshindilia kichwani.

"Mama!" alilia. "Mama, nisaidie!"

Bi Vipimo alimtazama. Hakusogea.

"Atakufa," binti alisema.

"Na afe."

Binti akaanza kutambaa kutoka. Hapo mama akamshika mguu, akamrudisha, akajifunika karai kichwani na kutoka yeye. Hakwenda kwa huruma. Alikwenda ili mwanawe asiende. Alimshika mkwe kwa mkanda wa suruali, akamvuta chini ya meza, akaufunga mkono wake kwa kitambaa cha sare za shule. Wakakaa watatu hapo, magoti yamegusana, mpaka mawe yakaisha.

"Umenivunja mguu, mama."

"Ndiyo. Nimekuvunja."

Polisi walipouliza, Bi Vipimo alisema hivyohivyo. "Nilimpiga kwa nyundo. Andika." Muuza mkaa ndiye aliyewaeleza mengine yote, miaka mitatu ya mayowe, mpaka majirani waliokunja mikono wakaangalia chini. Mkwe alifungwa miaka miwili. Bi Vipimo alionywa akaachiwa. Makao makuu nayo yakauliza kwa nini vipimo vya saa tisa siku ile havipo. Akawajibu kwamba mpimaji alikuwa na kazi nyingine.

Binti alihamia kwa mama yake. Wiki nyingi zilipita, mvua inanyesha nje, mmoja anashona, mwingine anachambua mchele. Siku moja binti alizuia gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Uliniambia nivumilie."

"Nilikuambia."

"Mimi nilikuja kwako, mama. Mara mbili."

Bi Vipimo aliweka ungo chini. Alitaka kutaja lile daftari, ile thelathini na nane, akaona haya. "Nilikosea," alisema. "Nilimsikiliza yeye, sikukutazama wewe."

Binti hakusema amesamehe. Aliendelea kushona. Mwezi wa sita, baridi ilipoanza, alipata chumba chake karibu na soko, na mama akamsaidia kubeba cherehani, kila mtu upande wake, wakipumzika kila kona. Walipoitua, binti alifuta vumbi kwenye kiti kimoja alichokuwa nacho.

"Keti," alisema. "Umechoka."

Yeye mwenyewe akaketi sakafuni, akaanza kutafuta uzi.