Mlango Uliofungwa

Juma lililopita, kwenye kliniki moja ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nesi wa Kimalawi alikuwa akitueleza sisi akina mama uchunguzi wa saratani kwa Chichewa. Mkalimani, mama Mkongo wa Fizi, akatafsiri: "Anasema binti zenu banachanjwa ku masomo, lakini nyinyi bamama munapimwa. Banaangalia mulango ya kizazi."

Mjane mmoja Mrundi, muuza samaki wadogo wa ndagala, akakunja mikono kifuani. "Yangu nilifunga tangu mzee afe, miaka kenda. Bataangalia nini?"

Benchi zima likacheka. Nesi akauliza kuna nini. Alipotafsiriwa maneno hayo, hakucheka.

"Anasema," mkalimani akarudisha, safari hii kwa sauti ya chini, "ile virusi ya kuleta saratani inaweza kuwa iliingia mbele ya wewe kufunga. Inakaa mule miaka mingi, kimya."

Mjane akakunjua mikono. "Kumbe mzee aliniachia mugeni ndani." Akakaza kitenge, akaingia wa kwanza.

Sisi tuliobaki, ambao kila mmoja alikuwa amesema amekuja kumsindikiza mwenzake tu, tukatazamana. Tukamtafuta huyo wa kusindikizwa benchi zima, hakuonekana. Ikabidi tupange foleni wenyewe.