Njia Tupu ya Gamado

Kipaza sauti cha kijiji kilimtaja Tak Myeong-ok asubuhi, watu wakiwa bado wanakunywa supu. Sauti ilikuwa ya shemeji yake, Yeom Pan-seok, mwenyekiti wa kijiji, naye alianza kwa adabu kama kawaida: bahari itachafuka jioni, mitungi ya gesi imefika gatini, ambaye bomba lake limeganda asiliwashie moto. Kisha akakohoa.

“Na tena,” akasema, “tunamwomba mtu fulani wa kampuni ya simu, ambaye ni mke wa watu na anajijua, aache kuukalia mtandao wa wanakijiji. Nimemaliza.”

Hakuna nyumba Gamado ambayo haikusikia. Myeong-ok alikuwa jikoni akimpakulia mumewe wali. Mumewe, Gi-bong, ndiye mdogo wake huyo aliyekuwa akisema. Alichovya kijiko kwenye supu, akakiacha humo.

“Kaka amekosa usingizi tu,” akasema.

“Amekosa haya.”

Alikuwa ameolewa kisiwani kwa zaidi ya miaka ishirini, na bado tulimwita Mokpo-daek, mke aliyetoka Mokpo, mji wa bara. Wake wengine huitwa hivyo kwa mapenzi. Sisi tulilitamka jina lake kama mtu anavyotema mwiba wa samaki. Alikuwa mwanamke mrefu, mchache wa maneno, mwenye viganja vilivyopasuka kwa baridi ya kilimani, na hakuwa na ule uso wa kuomba radhi ambao mgeni anatakiwa auvae kila siku mpaka azikwe. Akikuambia jambo haliwezekani, alikuwa ameshageuka anakwenda zake.

Kazi yake ilikuwa kutunza minara ya simu na lile sahani kubwa la kilimani linalorusha mawimbi ya simu juu ya maji hadi bara. Kebo ya chini ya bahari hatuna. Kila neno na kila picha inayotoka Gamado hupita kwenye mawimbi hayo, nayo yana upana wake kama mlango wa ghala: wakija wengi kwa pamoja, watabanana. Sehemu ya upana huo Myeong-ok alikuwa ameitenga kwa ajili ya kituo cha afya. Pale pana daktari mmoja, Daktari Ha, kijana anayemalizia utumishi wake wa jeshi kwa kututibu sisi, na mgonjwa akizidiwa, daktari huyo humwonyesha daktari bingwa wa Mokpo picha ya mwili wa mgonjwa papo hapo. Picha isikatike. Mgonjwa asipokuwapo, njia ile ilikaa tupu.

Utupu wake ndio uliotuudhi. Simu zetu zilizungusha kiduara mpaka mkono ukachoka, na wakati huohuo tukijua kwamba juu ya vichwa vyetu kuna njia pana isiyopitwa na mtu.

Na kulikuwa na jingine. Wilaya ndiyo iliyoagiza njia itengwe, hilo ni kweli. Lakini majira ya baridi yaliyopita Gi-bong alianguka kwenye banda la kukaushia gim, ule mwani wetu mwembamba kama karatasi, na picha ya moyo wake ilifika Mokpo vipandevipande. Alipona kwa bahati. Baada ya hapo Myeong-ok alipanda kilimani, akaipanua njia. Hakumwambia mtu. Lakini watu wa Gamado hawahitaji kuambiwa kitu ndipo wajue.

“Njia ya mume wake,” watu wakasema. Kusema uongo ni dhambi, nami siwezi kusema kwamba walisema uongo.

Ilikuwa imebaki siku chache sherehe ya gim ifike. Siku hiyo umoja wa akina mama huuza mwani mubashara kwa simu, watu wa Seoul wakinunua zawadi za mwaka mpya, na siku hiyo ikiharibika, mwaka mzima umeharibika. Mama Du-ri, kiongozi wa akina mama, alimkuta Myeong-ok gatini akiteremsha betri.

“Mokpo-daek, tuongee kidogo.”

“Ongea.”

“Mwaka jana mteja aliniona nimeganda, mdomo wazi kama pweza. Watu walicheka bara zima. Mwaka huu tupe ile njia yako ya bure.”

“Si yangu, na si ya bure.”

“Mgonjwa yuko wapi? Nionyeshe mgonjwa mmoja leo.”

“Unataka nikuombee upate?”

Mama Du-ri alicheka, kicheko kisichofika machoni. “Sisi tunajua unayemlinda. Hata mimi ningekuwa na mume mwenye moyo wa karatasi ningemlinda. Ila nisingewalisha watu njaa kwa ajili yake.”

Jioni Pan-seok alikuja nyumbani. Hakuvua viatu, alikaa kwenye kizingiti, mgongo kwa chumba, kama mtu aliyekuja kudai.

“Shemeji,” akasema, “mimi nimekulinda sana katika kijiji hiki.”

“Asubuhi nilisikia ulivyonilinda.”

“Kaka,” Gi-bong akaingilia, “ingia basi, kuna pombe ya mchele.”

“Nyamaza wewe. Shemeji, kwenye kivuko kuna viti vya wazee. Vijana hawavikalii, sawa. Lakini kivuko kikijaa, mtu akikaa na akainuka mzee akija, kosa liko wapi?”

Myeong-ok alitafakari. Mashine inayogawa mawimbi iliweza kufanya hivyo. Ungeweza kuiambia: kituo cha afya ni daraja la kwanza, wauzaji ni la chini, wakae kwenye njia tupu, na daktari akiomba nafasi, wainuliwe papo hapo. Hakulipenda wazo hilo. Ila Gi-bong alikuwa akimtazama kwa macho ya mtu aliyechoka kugawanyika.

“Wakiinuliwa wasinitukane,” akasema hatimaye.

“Nani atakutukana?” Pan-seok akajibu, na kwa mara ya kwanza mwezi huo akacheka.

Lingeishia hapo, pengine tusingekuwa na la kusimulia. Lakini siku iliyofuata mkuu wa tawi la kampuni, Bwana Gil, alipiga simu kutoka Mokpo. Mkuu wa Wilaya angekuja kwenye sherehe, na salamu zake zingerushwa moja kwa moja kutoka jukwaani kwa kamera ya wilaya.

“Umeiweka kamera ya Mheshimiwa daraja gani?” akauliza.

“La chini, pamoja na wauzaji.”

“Bibi Tak. Mheshimiwa pamoja na wauza mwani?”

“Mashine haijui Mheshimiwa, mkuu. Inajua nani ainuke.”

“Na wewe unataka Mheshimiwa ainuke? Katikati ya salamu, uso wake ugande? Kwa ajili ya nani, mzee mwenye kikohozi?”

“Kwa ajili ya mgonjwa.”

“Muweke daraja la kwanza. Sawa na kituo cha afya. Sikusema juu yake, nimesema sawa. Hiyo ni heshima tu, haina uzito.”

“Walio sawa mashine haimwinui mmoja kwa ajili ya mwingine. Aliyetangulia amekaa.”

“Ni muda wa salamu tu. Nani atakufa wakati wa salamu?”

Alifanya alivyoambiwa. Sisi wote tungefanya. Kwetu mtu akifika mlangoni tunajua bila kuuliza nani avue viatu kwanza, nani amiminiwe kwanza, nani aanze kuinua kijiko. Tumezipanga hata meza za maziko. Mawimbi tu ndiyo yalikuwa bado hayajajua vyeo, na siku ile tuliyafundisha. Kisha Bwana Gil, kutoka Mokpo, akaifunga mashine kwa nywila yake, daraja la kwanza lisiguswe bila idhini yake.

Siku ya sherehe upepo ulikuwa mkali na watu wengi kuliko mwaka wowote. Jukwaani waliweka kiti cha Mkuu wa Wilaya, kitambaa cheupe mgongoni, ua la hariri juu ya kitambaa. Kamera iliwashwa mapema ili ijaribiwe, ikaachwa hivyo. Saa ya salamu ilipita. Mheshimiwa alikuwa upande wa pili wa kisiwa, akila samaki mbichi na Bwana Gil. Kamera iliendelea kukirusha kiti, kipana na safi, hata nyuzi za ua zilionekana zikitikisika. Hakuna aliyethubutu kuizima. Ingekuwaje aingie akute imezimwa?

Gi-bong alikuwa akimbebea kaka yake makasha ya gim. Watu wawili walimleta kituo cha afya wakimshika makwapa, uso wake ukiwa rangi ya majivu. Daktari Ha aliwasha kifaa chake, akapiga simu kwa Myeong-ok, ambaye alikuwa amekaa hemani mbele ya kompyuta yake.

“Dada, picha haiendi. Ni mume wako.”

Alikuwa ameshaona. Kituo kiliomba nafasi. Mashine, kama ilivyofundishwa, ikawainua akina mama kwanza. Mama Du-ri akaganda mbele ya wateja wake, mkono juu. Nafasi haikutosha. Nafasi kubwa ilikuwa imekaliwa na aliye sawa. Ombi likakataliwa, likaombwa tena, likakataliwa.

“Huwezi kumchoma sindano bila picha?” akauliza.

“Mchoro wa mapigo umefika. Lakini bingwa anaogopa huenda mshipa mkubwa umechanika. Kama umechanika na nikamchoma dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, nimemuua. Lazima auone moyo.”

Alimpigia Bwana Gil. Simu iliita mpaka ikachoka. Alipiga tena akiwa anatembea, halafu akaacha kupiga, akatembea tu. Wanawake walimfuata.

“Umetukata,” Mama Du-ri alisema nyuma yake. “Uliahidi, ukatukata. Nyoka wewe.”

Pan-seok alikuwa chini ya jukwaa, amevaa suti, riboni kifuani.

“Shemeji, zima kamera,” Myeong-ok akamwambia.

“Mheshimiwa yuko njiani.”

“Gi-bong yuko kituoni. Moyo. Picha haipiti kwa sababu ya kiti hiki.”

Nilikuwa nimesimama karibu, na niliuona uso wa Pan-seok ukifunguka kama wa mtoto aliyepigwa. Aliangalia upande wa kituo cha afya. Kisha, na hili wengi wetu tuliliona na hatulisemi, akageuka akaangalia barabara.

“Gari lake lile pale,” akasema. “Kwenye kona. Ngoja ashuke tu, nimwombe mwenyewe. Tafadhali, shemeji. Kidogo tu.”

Myeong-ok akapanda jukwaani. Mtu wa kamera, mtumishi wa wilaya, alisimama mbele ya nyaya mikono imetanuka.

“Mama, nimeambiwa isizimwe.”

“Sogea.”

“Nitafukuzwa kazi.”

“Waambie nilikupiga.”

Akampiga kweli, kofi moja, ili asiwe mwongo. Akang'oa waya. Watu walipiga kelele ya chini, ile ya watu wanaoona mtu akikanyaga kaburi. Kilimani hakuna kilichobadilika, sahani lilikaa vilevile katika upepo. Lakini kituoni Daktari Ha aliuona mstari wa kutuma picha, uliokuwa umesimama, ukianza kutembea, na Mokpo bingwa akauona moyo wa Gi-bong, upande mmoja ukijikunja, upande mwingine umelegea. Mshipa mkubwa ulikuwa mzima. “Mchome,” akasema.

Gari lilifika. Mkuu wa Wilaya alipanda, akaketi, akasoma salamu zake zote, kwa tabasamu, kwenye kamera iliyokufa. Hakuna aliyemwambia. Tulipiga makofi kila alipotua.

Gi-bong alipelekwa bara kwa boti ya walinzi wa pwani, ikipigwa na mawimbi njia nzima, akaishi. Kwenye ukumbi wa hospitali Pan-seok alimkuta Myeong-ok amekaa na koti la kampuni bado mwilini. Pan-seok mwenyewe alikuwa bado na suti.

“Ungeningoja,” akasema.

“Gi-bong angeningoja?”

“Mimi ndiye kaka yake. Nimemlea baada ya baba. Sasa kijiji kinasema ni wewe uliyemwokoa na mimi niliyesimama.”

“Ndiyo maana nilikuja kwako kwanza, shemeji. Ningeweza kupanda moja kwa moja.”

Pan-seok aliisokota ile riboni, ambayo sasa ilikuwa mfukoni. Hakumsemesha tena siku hiyo, wala mwaka ule.

Kampuni haikumfukuza Myeong-ok. Ilimhamishia Mokpo, kwenye ofisi isiyo na dirisha, kwa sababu ambazo ziliitwa za kiafya. Bwana Gil alimtaka aende kuinama mbele ya Mkuu wa Wilaya. Alikwenda, akainama, na akaomba jambo moja kama malipo ya kuinama kwake: kituo cha afya kiwe peke yake daraja la kwanza, na njia yake isikopeshwe mtu. Mheshimiwa, ambaye kufikia hapo alikuwa ameambiwa kuhusu kamera na alitaka sana jambo lifunikwe, akakubali bila kuuliza maana yake. Akina mama waliuza nusu ya gim yao. Wanamlaani hadi leo, na njia iko tupu.

Gi-bong aliporuhusiwa kutoka, alikaa ukingoni mwa kitanda akifunga kamba za viatu polepole.

“Nitarudi Gamado,” akasema bila kumtazama. “Kaka hawezi banda peke yake. Na nikibaki huku, watasema nimemkimbia.”

“Watasema hata ukirudi.”

“Wewe hutakuja?”

“Unajua siwezi.”

“Hukulazimika kumpiga yule kijana mbele ya watu wote, Myeong-ok.”

Alimwinamia, akamfunga kamba ya kiatu cha pili, kwa sababu mumewe alikuwa bado anahema.

“Hamia nyumba ya mjomba wako, ile iliyo pembeni ya kituo cha afya,” akasema. “Na makasha usibebe.”