Mwatime na Nywele za Binti wa Kutu

Mara ya kwanza kufanya biashara na Mwatime Bakari, alinikatalia pakiti sita kati ya ishirini kabla hajatoa hata dola moja. Alikuja ghalani kwangu Rockville, huku Marekani, akavuta kiti bila kukaribishwa, akatoa kiberiti cha gesi kwenye mkoba. Alichomoa uzi mmoja mmoja kutoka kila pakiti ya rasta, akauchoma ncha, akanusa, akaufikicha kwa vidole.

"Hizi kumi na nne sina neno nazo," akasema. "Hizi sita ni plastiki ya ndoo. Ukimsukia mtu, kichwa kitamwasha mpaka akutafute na polisi."

"Dada, boksi moja, kiwanda kimoja."

"Basi huko kiwandani kuna mtu anakuchezea, kaka Mwita. Mie nakusaidia tu kumjua."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi wa bei, nimeshaacha na nafasi ya kushuka. Yeye bei hakuigusa. Aliomba haki ya kufungua pakiti na kuchagua. Kitu hicho simpi mtu, maana ukimruhusu mmoja achague, wateja wengine wanabakiwa na makapi. Nikampa. Zile sita nilizijua tangu mzigo uliposhuka, na mtu anayeijua bidhaa kuliko muuzaji ni afadhali awe upande wako.

Mimi nilianza na begi moja la rasta, nikiwauzia kina mama kwenye maegesho ya kanisa baada ya ibada. Sikuwahi kusomea biashara. Ninachojua ni kumtazama mtu na kuona anataka nini kabla hajasema. Kwa Mwatime hilo lilinichukua miaka mitatu.

Alitoka Tanga, mtaa wa Ngamiani, na sasa anakaa Adelphi, ghorofa ya pili, na binti yake Nadra mwenye miaka kumi na sita. Mchana alikuwa akihudumia wazee majumbani mwao. Jioni na mwisho wa wiki alisuka watu sebuleni kwake. Nadra ni kama watoto wote waliokulia huku: Kiswahili anakisikia chote, majibu yote Kiingereza.

Ni Nadra aliyeleta manga nyumbani, vile vitabu vya katuni vya Kijapani vinavyosomwa kuanzia nyuma. Alitaka wigi la mhusika mmoja mwenye nywele za buluu zilizosimama kama moto wa jiko. Mwatime alihangaika nalo siku tatu kwa pasi ya mvuke na gundi, kisha akatangaza kwamba mchoraji yule hajawahi kushika kitana maishani mwake. Lakini wigi lilisimama. Rafiki za Nadra wakaja, nao wakaleta rafiki zao.

Hapo ndipo alipoanza kuangalia sinema. Wajapani wakishapenda manga huigeuza sinema ya watu halisi, na Mwatime alitaka kuona wenyewe wamezisimamishaje nywele hizo juu ya kichwa chenye jasho. Aliangalia moja, akaangalia kumi, na kila aliyoiangalia aliisema. Nadra akaanza kumrekodi kwa simu, mama amekaa mezani na kichwa cha plastiki mbele yake, anaongea Kiswahili cha Tanga, maandishi ya Kiingereza yanapita chini. Katika mwaka mmoja alikuwa na wafuatiliaji elfu arobaini mtandaoni. Wengi wao hawajui Tanga iko wapi.

Nilizitazama video zile kama ninavyotazama soko. Wakosoaji wa sinema hizo wako kambi mbili. Waliosoma manga wanataka kila kitu kiwe kama kilivyochorwa, hata kikichekesha. Wasioisoma wanalalamika kwamba vitabu ishirini vimesindiliwa ndani ya saa mbili na waigizaji wanapiga kelele. Mwatime hakuwa kambi yoyote. Sinema moja ya mpiga upanga mwenye nywele nyeupe magazeti yaliisifu; yeye akaikataa kwa sentensi tatu. "Huyu kijana kalala kinamasini siku tatu. Kapigana, kavuja damu. Nywele zake ndio kwanza zimetoka kwenye boksi, sasa mie nimwamini vipi kwamba anateseka?" Nyingine ambayo kila mtu aliicheka, yeye aliitetea, kwa sababu mwigizaji alishika shingo yake kama mtu anayebeba nywele nzito kweli. Alisema kwenye karatasi nywele ni mstari wa wino, hazina uzito, lakini ukizileta kwa binadamu lazima zimlemee, na mwigizaji asiyelemewa hajaingia kazini.

Watoto walinunua alichosifu. Nikaliona hilo, nikalihifadhi.

Mwaka jana ikatangazwa sinema ya Binti wa Kutu. Ni hadithi ya msichana mfua panga, nywele zake rangi ya chuma kilichooza, ndefu mpaka magotini. Manga yenyewe vijana walikuwa wanaigombania maktaba. Nikachukua picha ya tangazo, nikaituma kiwandani, nikaagiza mawigi mia mbili na arobaini, rangi ile ile, urefu ule ule. Yalifika wiki tano kabla ya tamasha kubwa la mashabiki wa katuni za Kijapani, lile la hotelini kando ya mto Potomac, ambako nilikuwa na meza niliyoiwahi mwaka mzima nyuma.

Wiki hiyo hiyo Mwatime alipata barua kutoka kwa wasimamizi wa jengo analokaa. Majirani wamelalamika, wageni wanapanda ngazi kutwa, biashara hairuhusiwi nyumbani. Siku sitini awe ameacha, la sivyo mkataba wa nyumba unavunjwa. Alikuwa na njia moja ya kuponea: atengeneze mawigi peke yake, yaende kwa posta, asipande mtu ngazi. Kwa hilo alihitaji wanunuzi wengi kwa mara moja, na wanunuzi hao wangekuwa kwenye tamasha. Meza zilikuwa zimejaa.

Nilikwenda Adelphi Jumapili mchana. Alikuwa anamsuka mama mmoja wa Kikongo, mnene, mcheshi, kichwa kimeinamishwa.

"Nakupa nusu ya meza yangu, siku zote tatu," nikamwambia Mwatime. "Bure."

"Cha bure hujawahi kunipa hata mfuko wa nailoni. Sema unachotaka."

Nikasema. Klabu moja ya sinema ya wanafunzi ilikuwa imekodi ukumbi Greenbelt kuonyesha Binti wa Kutu Jumamosi inayofuata, na ilikuwa imemwalika yeye kuzungumza baada ya onyesho. "Nimeagiza mawigi ya huyo binti mia mbili na arobaini. Maneno mawili mazuri kuhusu lile wigi. Basi."

Yule mama wa Kikongo akacheka chini kwa chini. "Na mdomo wake unaulipa nusu meza tu, patron? Mdomo ule una watu elfu arobaini."

"Mama, wewe inamisha kichwa," nikamwambia.

Mwatime alifunga rasta moja, akashika nyingine. "Sijaiona sinema hiyo."

"Hata mimi."

"Umeagiza mawigi mia mbili na arobaini ya sinema hujaiona?"

"Nauza mawigi, dada. Siuzi sinema."

"Ehee. Mura kapiga hesabu." Akitaka kunikumbusha kwamba mimi ni Mkurya ananiita hivyo. "Niachie moja nikivalishe kichwa changu cha plastiki. Jibu utalisikia nikishaona."

"Ukishaona utakuwa jukwaani."

"Basi hapo hapo ndipo utakapolisikia."

Nilimwachia wigi moja. Niliondoka nikiwa na uhakika. Mtu mwenye barua ya siku sitini hachezi na meza.

Ukumbi wa Greenbelt ulijaa. Mwenyekiti wa klabu alikuwa msichana wa Kikenya, Waringa, mwanafunzi wa uhandisi, mwepesi wa maneno. Alinisalimia mlangoni. "Wakosoaji wameichapa vibaya, uncle. Ishirini na tisa kwa mia. Lakini tiketi zimeisha, watu wanataka kuja kujionea vile imeharibika."

Mimi siangalii sinema, naangalia watu wanaoangalia. Msichana alipotokea na nywele zake mpaka magotini, ukumbi ulicheka, na kicheko hicho hakikuwa kizuri. Wigi liling'aa mbele ya moto wa kufulia chuma, ambapo kila kitu kingine kilikuwa masizi. Alipokimbia lilibaki nyuma kidogo, kama mtu anayemfuata.

Kisha, kwenye dakika ya arobaini hivi, bwana wake wa kazi anamshika nywele hizo kumzuia asitoroke. Msichana anachukua upanga alioufua mwenyewe, anazikata shingoni, anaacha fungu lote mkononi mwa yule bwana, anaondoka. Hakuna muziki. Ukumbi ulinyamaza mpaka mwenye bisi mdomoni akaacha kutafuna. Kuanzia hapo hakuna aliyecheka tena hadi mwisho, nami nikajikuta, kwa mara ya kwanza, natazama kioo badala ya watu.

Waringa alimpandisha Mwatime jukwaani, pamoja na kichwa chake cha plastiki kilichovaa wigi langu. Nadra alisimama kando yake na kipaza sauti, akigeuza maneno ya mama kwa Kiingereza. Waringa akasoma alichoandika mkosoaji mmoja, kwamba sinema nzima ni mchezo wa shule wenye bajeti kubwa.

"Huyo bwana alitoka dakika ya thelathini na tisa," Mwatime akasema, na ukumbi ukaangua kicheko hata kabla Nadra hajamaliza. "Simlaumu. Mpaka hapo hata mie nilitaka kutoka. Hizi ni sinema mbili. Ya kwanza ni ya wigi. Limetengenezwa sawasawa na lilivyochorwa, na ndio maana ni bovu, maana msichana anaigiza huku analichunga lisianguke. Ya pili ni ya msichana. Alipokata nywele alipata shingo, alipopata shingo tukamwona uso. Mwongozaji alijua. Alituvumilisha kusudi."

Kijana mmoja nyuma akapinga kwamba kwenye manga msichana hakati nywele kabisa mpaka kitabu cha kumi na nne.

"Mwanangu, kitabu unakisoma mwaka mzima. Yule dada kwenye kioo ana saa mbili tu, na shingo inamuuma." Akatoa mkasi mkobani. "Tena wamemkata vizuri. Tazameni. Mtu anayekata kwa upanga, akivuta kwa mkono wa kushoto, upande huu unabaki mrefu, huu unapanda."

Akalikata wigi langu mbele ya watu mia tatu. Alikata, akachana kwa vidole, akapaka unga wa mkaa kwenye mizizi, akakigeuza kichwa. Kilikuwa yule msichana. Simu zote zikainuliwa. Nikafanya hesabu ya haraka pale nilipokaa: nilikuwa na mawigi marefu mia mbili thelathini na tisa, na hakuna kijana hata mmoja ukumbini angevaa refu tena.

Nilimngoja kwenye maegesho. Nadra alikuwa ameshaingia garini.

"Umeniua," nikamwambia.

"Nimekuuzia. Hukuona simu zile?"

"Wanataka fupi. Mimi nina marefu."

"Marefu hukatwa, kaka Mwita. Mafupi ndiyo hayarefuki." Alikuwa ametulia kama mtu aliyekwisha kula. "Nayakata yote, nayapaka, nayaweka kwenye boksi. Kazi ya wiki tatu. Meza yote ya mbele ni yangu, bango lina jina langu. Wewe unakaa nyuma unapokea hela, unachukua mtaji wako kwanza."

"Na faida?"

"Nusu kwa nusu."

Nilijua kuna kingine. Alikubali nusu upesi mno. "Maliza," nikamwambia.

"Jina la kiwanda. Na namba ya simu ya mtu unayeongea naye."

Wafanyabiashara watanielewa. Bei unaweza kumwambia mtu, hata faida unaweza kumwambia ukiwa umechoka. Kiwanda humwambii mkeo. Nikampa robo tatu ya faida badala yake. Akakataa. Nikampa yote ya siku ya kwanza. Akakataa hiyo pia, akafungua mlango wa gari.

"Una barua ya siku sitini," nikamkumbusha.

"Ninayo, na nilipanda jukwaani ninayo vile vile. Wewe una nywele mia mbili na ushee zinazokungoja ghalani. Sasa tuone nani ana haraka."

Nilimwandikia jina na namba nyuma ya tiketi.

Mawigi yote yaliisha siku ya pili ya tamasha, saa nane mchana. Siku ya tatu alikaa na daftari akiandika oda, watu wamepanga mstari mpaka kwenye ngazi za umeme. Ile alama ya wakosoaji haikupanda hata moja. Ni ishirini na tisa mpaka leo, ingawa wawili watatu waliandika baadaye kuhusu ile dakika ya arobaini kana kwamba waliigundua wao. Siku sitini zilipotimia hakuna mteja aliyekuwa akipanda ngazi zake Adelphi. Kazi za wazee ameacha. Nywele anaagiza mwenyewe moja kwa moja, na nasikia kiwanda kinamchambulia mzigo kabla ya kutuma, jambo ambalo mimi kwa miaka tisa sikuwahi kuliomba.

Kwangu hanunui tena, wala wasusi sita waliokuwa wateja wangu, ambao sasa wananunua kwake. Mtaji wangu ulirudi wote na faida juu kidogo. Yeye alitoa wiki tatu za mkasi, akapata kiwanda. Ningerudishwa kwenye maegesho yale ningeuza tena kwa bei ile ile, kwa kuwa siku hiyo sikuwa na mnunuzi mwingine, na yeye alilijua hilo kabla yangu.