Aliyefika Chake Kabla Yangu

Haya yamenipata mimi mwenyewe. Sikuyasikia barazani, wala sikuyaota kwa homa. Mke wangu Mwanaidi yupo ndani hapo, mzima wa akili, na ukitaka kamuulize. Lakini najua atakachofanya. Atakutengea chai na kukuuliza habari za watoto wako. Hilo ndilo litakuwa jibu lake, na ukimtazama vizuri usoni utajua kuwa sikudanganyi.

Wakati huo nilikuwa fundi wa mizani hapa Unguja. Ni zile zama za siasa, kabla ya Uhuru, watu hawanunui kwenye duka la mtu wa chama kingine na kila mgeni anatazamwa mara mbili. Msimu wa karafuu ulikuwa mkubwa, na tajiri mmoja mwenye maghala akanituma Chake Chake nikamtengenezee mizani zake, maana wakulima walilalamika kuwa zinawapunja. Mimi sikuwa nimepata kukanyaga Pemba. Tafadhali lishike hilo. Si utotoni, si kwa harusi, si kwa msiba.

Meli ikatushusha Mkoani, nikapanda gari mpaka Chake. Msimu wa karafuu chumba kilikuwa taabu kupatikana, basi nikamuuliza mwenye mgahawa mmoja pa kulala. Akacheka.

"Weye waniuliza mie? Kwani umegombana na Bi Moza?"

Nikadhani ndio mzaha wao Wapemba. Nikamwomba anielekeze, akanielekeza huku bado anacheka.

Nyumba yenyewe ilikuwa kwenye mteremko, ukitoka Madungu, inatazama ule mkono wa bahari unaoingia kati ya mikoko. Jumba la kale la mawe na chokaa, kuta nene hata mtu aweza kulala dirishani, boriti nyeusi juu, na ngazi ya giza inayopinda. Zamani lilikuwa la tajiri wa mashamba. Lilipomfikia Bi Moza, naye mumewe akafa, akawa anapokea wageni wa heshima, makarani na wafanyabiashara. Shuka za nyumba ile zilifukizwa udi.

Nikapiga hodi. Akatoka mama wa makamo, mnene, uso mchangamfu.

"Karibu, fundi, karibu! Tukisema hurudi tena! Chumba chako kipo, sikumpa ntu."

"Shikamoo, Bi. Nadhani umenifananisha."

"Nkufananishe weye?" Akanitaja kwa jina langu. Akataja la baba yangu. Akataja na mtaa ninaokaa kule Ng'ambo.

Sasa niambie, ungekuwa wewe ungefikiri nini? Mimi nilifikiri siasa. Nikasema, hawa wamepewa habari zangu na mtu wa melini, wanataka kujua niko upande gani. Au mama huyu ana njia zake za kushika wageni. Nikaamua kujifanya mjinga nione mwisho wake. Tena, kusema kweli, sikuwa na pengine pa kulala.

Akaniletea wali na samaki wa nazi. "Pweza sikukutilia," akasema, "najua akuwasha."

Kweli pweza huniwasha. Alijuaje?

Juu chumbani palikuwa na kitanda cha samadari, birika la kunawia, na kanzu imetundikwa ukutani. Nikaitazama kanzu ile muda mrefu. Mwisho nikaivaa, nikijiambia kuwa nikiona hainitoshi roho itatulia. Ilinitosha mabega, ikanitosha urefu. Nikaivua, nikainusa. Mtu huijua harufu yake, sivyo? Ile ilikuwa harufu ya jasho langu. Nikatia komeo, nikasogeza kiti mlangoni, nikalala na nguo zangu.

Asubuhi nikamkuta mzee mmoja ukumbini, amevaa kofia ya viua, bakora magotini. Bi Moza akanijulisha, kana kwamba anafanya utani, kuwa huyo ni kaka yake, Mzee Khamis. Mzee hakucheka.

"Msimu uliopita umekaa nasi nyumba hino," akasema. "Umekula chetu. Ukaniposea huyo mpwa wangu Zuena, nami nikakubali. Halafu ukaondoka bila kuaga. Leo umerudi, nataka kusikia kauli yako."

Nikamwambia nina mke Unguja, sijapata kufika Pemba, na posa hiyo siijui. Nikaapa. Mzee akageuka rangi.

"Wamuapia Mungu mbele yangu? Niliketi na weye hapo hapo!"

Hapo nikaona lile jambo si mchezo. Nikasema moyoni, hawa wanataka kunioza kwa nguvu. Nikawa natazama mlango, natazama madirisha. Na wao walikuwa wananitazama mimi vile vile, kama mtu aliyewaibia. Nikasema, "Muiteni bibi mwenyewe anitazame."

Zuena alikuwa mjane, si mwari, na alikuwa na ulimi wake. Akaja akasimama mlangoni, akanikazia macho mpaka nikaona haya. Kisha akamgeukia mamake, Bi Moza.

"Siye."

"Siye vipi?" akasema Bi Moza. "Sura hino, sauti hino!"

"Sura yake, na sauti yake. Lakini yuno ana khofu. Yule hakuwa na khofu ya kitu." Akanirudia mimi. "Mkeo waitwa nani?"

"Mwanaidi."

Akaweka mkono kifuani. Akakaa chini palepale mlangoni, akaeleza, na wala mjomba wake hakumkatiza. Alisema tangu mwanzo yeye hakuitaka posa ile. Mtu yule alikuwa mpole, mwenye maneno matamu, lakini alikuwa akikaa chumbani kutwa nzima hafanyi kitu, kama mtu aliye kituoni anangoja gari. Siku Zuena alipomwambia wazi kuwa hamtaki, mtu yule hakukasirika. Alisema tu, basi, nitakwenda kwa Mwanaidi wangu wa Unguja. Zuena akamuuliza, ikiwa una mke mbona hukai naye? Naye akajibu: "Nyumba ina mtu. Siku atakayotoka, nitaingia."

"Mimi nikadhani ni mzinifu," Zuena akasema. "Nikadhani ana jambo na mke wa watu. Kaka yangu, usikae hapa. Rudi kwenu leo."

Umewahi kusikia maneno ukayaelewa kwanza kwa mwili, akili ikafuata nyuma? Nilitoka pale nikaenda ghalani, nikamwambia msimamizi nina mgonjwa nyumbani. Akanung'unika, tukabishana, akaniachia. Meli ya kurudi ilikuwa inaondoka Mkoani jioni ile ile. Nikarudi kwa Bi Moza kuchukua mkoba wangu. Alasiri ilishaingia na mvua inapiga.

Bi Moza alikuwa barazani. Akaniangalia, akaangalia ngazi.

"Umetokea wapi? Si umepanda juu sasa hivi?"

Nikapanda. Labda nilikuwa bado natumai kumkamata tapeli. Nikasikia kikohozi chumbani, na kikohozi kile kilikuwa changu. Nikasukuma mlango.

Alikuwa amekaa kitandani, amevaa ile kanzu, anakunja nguo zangu na kuzitia mkobani. Bila haraka. Akainua uso.

Niamini, mwanzo sikumjua. Nina kovu juu ya jicho, na mtu kovu lake hulijua kwa kioo, kwa upande ule kioo kinapolionyesha. Yeye lilikuwa upande wa pili. Ndipo nikafahamu kuwa nilikuwa namwona kama watu wanavyoniona mimi. Yule ndiye mimi wa nje, ambaye mwenyewe sijapata kumwona. Alikuwa mzuri kuliko nilivyodhani niko.

"Kaa," akaniambia, kwa upole, kama mwenyeji na mgeni wake. "Watu wa hapa wema. Mimi nimeshangoja vya kutosha."

Akafunga mkoba, akasimama, akanipita mlangoni. Bega lake likanigusa. Lilikuwa na joto la kawaida, joto la mtu. Hilo ndilo lililonimaliza. Ningelipata baridi, ningelipata moshi, ningesoma Ayatul Kursi nikajua napambana na nini. Nikaanguka pale pale. Nikasikia ngazi zikilia kwa hatua zangu. Nikamsikia Bi Moza barazani akisema, "Safari njema, fundi."

Nilipopata nguvu za kusimama mvua ilishakatika. Bi Moza aliponiona nateremka alipiga ukelele mmoja, akajifunika uso. Zuena ndiye aliyenitafutia gari. Nikafika Mkoani, meli imeshatoka. Karani wa tiketi akanitazama kama aliyeona kichaa. "Si umepanda? Nimekukatia mwenyewe."

Nikangoja meli nyingine siku kadhaa. Kungoja kule sitakuhadithia.

Nilifika kwangu asubuhi, jua limeshapanda. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikabisha, Mwanaidi akaja, ana unga mikononi, anatabasamu. Akasema, "Umesahau nini tena? Si umetoka sasa hivi kwenda sokoni?"

Kisha akaona nguo zangu, ndevu zangu, na macho yangu. Tabasamu likaondoka usoni mwake.

Yule wa sokoni hakurudi. Tulimngoja, mimi na shemeji zangu, tuko nyuma ya mlango na marungu. Hakurudi siku ile wala siku nyingine. Shehe akaja kutusomea, nyumba ikafukizwa. Lakini shemeji zangu walikuwa na swali moja, na lilikuwa la haki: tutajuaje kuwa wewe ndiye? Wakanisomesha Kurani, nikasoma. Mwanaidi akaniuliza jambo la usiku wa harusi yetu ambalo hakuna awezaye kulijua ila sisi wawili. Nikajibu sawasawa. Akaangua kilio. "Na yeye alilijua," akasema.

Basi tumeishi hivyo. Tangu siku hiyo sijalala nje ya nyumba yangu hata usiku mmoja. Kazi ya mizani nilihamishia uani kwangu, kwa mapato kidogo. Nikitoka, hata msikitini, mke wangu hanifungulii mara moja. Hunitazama kwanza kwa upenyo wa dirisha. Simlaumu, nami nimezoea kusimama nikatazamwa.

Jambo lisilozoeleka ni jingine. Siku zile alizokaa kwangu, yule mtu hakugombana na mke wangu, hakulalamikia chakula, alimkalia karibu wakazungumza. Kila akikumbuka jambo la kuchekesha, Mwanaidi huanza, "Kama siku ile ulipo..." halafu hukatiza, anajua siku ile sikuwa mimi. Hutazama chini. Nami huona kuwa anamkumbuka.

Kwa hiyo nakuusia. Ukifika mahali hujapata kufika, wakakupokea kwa furaha na kukuita kwa jina lako, usifurahi nao. Usiseme wamenifananisha. Usile, usipande juu kutazama chumba. Geuka hapo hapo mlangoni, urudi kwako mbio, kwa maana ikiwa huyo aliyekutangulia amekwisha kufanana nawe kiasi hicho, hangoji kitu kingine ila utoke nyumbani mwako.