Mbaazi za Mali Kauli

Miaka ile mkoa wetu ulipokuwa mchanga, umemegwa tu kutoka Arusha, kila mtu Babati alikuwa anajenga kitu. Maofisa walikuwa wanashuka kutoka Arusha na magodoro yao juu ya malori, kodi za vyumba zikapanda hadi wenye nyumba wenyewe wakawa wanaona haya kuzitaja, na palipokuwa na mahindi pakaota vibanda vya chipsi. Mimi nilikuwa nabomoka. Kiwanja changu cha Nakwa nilimuuzia karani mmoja mgeni, nikamuuzia na mabati niliyokuwa nimeyaweka kwa ajili ya nyumba, kisha nikahamia chumba kimoja nyuma ya soko na binti yangu. Mume wangu alikuwa ameshakwenda Mererani kutafuta mawe ya thamani. Alisema akipata atatuma fedha. Nadhani bado anatafuta.

Nilikuwa mnunuzi wa mbaazi. Nasema mnunuzi, lakini fedha ya kununulia sikuwahi kuwa nayo. Mtaji wangu ulikuwa mdomo. Biashara ile ilikwenda kwa mali kauli. Mkulima anakupa magunia yake, unayapeleka Arusha, unauza, unamrudishia fedha yake na faida inabaki kwako, na katikati yenu hakuna karatasi wala mwanasheria. Kuna neno lako tu. Kwa misimu kadhaa nilichukua mbaazi za wakulima wa Bonga namna hiyo, na kila msimu nilirudi na fedha zao. Walizoea hata kuniita binti wa Bonga, ingawa nilizaliwa juu kule Mbulu.

Msimu ulioniua, bei ilikuwa chini, na kila aliyetoka Arusha alisema itapanda. Nikasubiri. Nikasubiri mpaka vuli ikanikuta. Lori nililokodi lilizama kwenye tope njiani, turubai lake lilikuwa na matundu ambayo dereva aliyajua na mimi sikuyajua, na mvua haikuwa na haraka ya kwenda popote. Tulipofika, mwenye ghala alitumbukiza mkono kwenye gunia, akaunusa, akaupangusa kwenye suruali. Mbaazi zilikuwa zimeanza kuota. Hakunitukana wala hakubishana bei. Aliniambia tu nitafute mtu mwenye nguruwe.

Nikarudi Bonga na mikono mitupu. Sikutoroka, ingawa watu walinishauri nitoroke, tena watu wenye akili zao. Nilisimama mbele ya kila nyumba nikaeleza, na katika kila nyumba niliona uso ukifunga. Wengine walipiga kelele. Mama mmoja alinivua kitenge mabegani akaniambia angalau hicho kitabaki. Nilimwachia. Afadhali yeye, maana wengine waliniitikia shikamoo yangu kwa upole, kisha wakaniangalia kama mtu anayetazama shimo alilotumbukia ng'ombe wake.

Anayefikiri umaskini ni kukosa fedha hajawahi kukosa kuaminiwa. Fedha nilikuwa nimezikosa mara nyingi tangu utotoni na sikufa. Lakini sasa mwenye duka karibu na msikiti, mtu mpole aliyekuwa ananipa sukari na mafuta ya taa nikalipa siku ya soko, alimrudisha binti yangu na chupa tupu. Alimwambia mama aje mwenyewe. Nilipokwenda mwenyewe, alikuwa na kazi nyingi ghafla, anapanga sabuni zilizokwisha kupangwa. Habari ya mtu asiyelipa ilikuwa imetangulia mjini. Niliondoka bila kuomba, ili nisimtie katika dhambi ya kudanganya.

Nilichokuwa nataka ni kitu kimoja: mkulima wa Bonga anipe tena gunia kwa neno langu. Bila hilo sikuwa na biashara, na bila biashara ningefua nguo za watu hadi vidole vioze. Na nilijua hakuna atakayenipa gunia mpaka nimlipe kila niliyemkosesha, wa mwisho kabisa, na Bonga nzima ijue kwamba wa mwisho amelipwa.

Basi nikafua nguo za wake wa maofisa. Nikachoma mandazi. Nilinunua samaki wa ziwani kwa wavuvi, nikawakaanga nikawatembeza maofisini, ambako mabwana wakubwa wa mkoa mpya walikula vizuri na kulipa vibaya. Kilichopatikana nilikifunga kwenye pindo la khanga, nikashika barabara ya Dodoma kwa miguu hadi Bonga, vumbi hadi kwenye kope. Husema dawa ya deni ni kulipa. Hawasemi kwamba wakati unainywa hiyo dawa, mtoto wako anashindia uji.

Nilianza na waliopiga kelele. Ndivyo wadaiwa wote tulivyo, tunamlipa anayetuaibisha na kumchelewesha anayetustahi. Aliyenistahi kuliko wote alikuwa mzee mmoja aliyefiwa na mkewe, mzee wa kanisa la Kilutheri, ambaye naye familia yake ilitoka Mbulu. Yeye ndiye aliyenipa magunia mengi zaidi, na siku nilipokuja na habari mbaya aliuliza tu kama dereva naye amepata hasara. Nilimpelekea kidogo kidogo, misimu miwili na zaidi, hadi Bonga nzima ikawa inajua kwamba aliyebaki ni yeye peke yake. Wanawake kisimani waliniuliza, bado mzee tu? Nikawajibu, bado mzee tu.

Siku nilipompelekea kipande cha mwisho, nilimkuta nyuma ya nyumba anaota jua, koti lake zito mwilini, anakohoa. Wanawe walikuwa shambani. Nilimwamkia, nikapiga goti, nikafungua pindo nikampa fedha kwa mikono miwili. Hakuzihesabu. Alizitia mfuko wa ndani wa koti na kuupigapiga mfuko kwa kiganja.

Palikuwa na jirani anapalilia upande wa pili wa ua. Nilimwona. Nilifikiria kumwita aje ashuhudie, kama nilivyofanya kwa wakulima wengine wote. Lakini kwetu mzee huwezi kumpa kitu kisha ukamwitia shahidi. Ni kumwambia usoni kwamba unaogopa atakugeuka. Baba yangu angenichapa, hata katika umri ule, kama angesikia nimemwitia shahidi mtu wa rika lake. Nikamwacha jirani na palizi lake.

Mzee akasema, "Sasa tumemalizana, binti yangu. Jumapili nitasema mwenyewe."

Nilijua ana maana gani. Pale kanisani, ibada ikiisha, watu hubaki nje kwa mnada wa sadaka, kuku na mayai na madebe ya mahindi, na mwenye neno kwa watu hulisema hapo. Kauli ya mzee yule mbele ya mnada ilikuwa na uzito kuliko mhuri wowote wa mkoa. Nilirudi mjini nikiwa mwepesi. Nakumbuka nilimnunulia binti yangu soda, naye akainywa polepole akinitazama pembeni kama aliyehisi nimeugua.

Jumamosi, nikiwa sokoni, muuza nyanya kutoka Bonga akaniambia mzee amefariki usiku wa kuamkia siku hiyo. Kifua.

Sitajifanya mtakatifu. Kabla sijamlilia nililia Jumapili yangu. Baadaye ndipo nilipomlilia yeye.

Nilikwenda msibani nikiwa na nia ya kumweleza mwanawe mkubwa. Huyu alikuwa karibu rika langu, mtu wa maneno machache kama baba yake lakini bila ule upole. Nilimpa pole. Alisema, "Umekuja," basi, akageuka kupokea wengine. Ningemwambia nini? Nimshike mkono kando ya jeneza la baba yake nianze habari za fedha? Nikaenda kukaa kwenye mikeka na wanawake, nikachambua maharage ya makande, na kila nilipoinua kichwa kulikuwa na jicho la mtu linaondoka juu yangu.

Tulimzika kwenye shamba lake. Kama ilivyo desturi, baada ya mazishi na kabla watu hawajala, mwanawe alisimama akawashukuru watu, kisha akasema maneno yanayosemwa katika kila msiba.

"Kama kuna mtu anamdai mzee, aseme. Na kama kuna mtu mzee alikuwa anamdai, naye aseme, hapa hapa mbele ya watu, tusije tukaitana kwa mtendaji wa kijiji baadaye."

Mtu mmoja akasema anadai ujira wa kumlimia mzee kwa maksai. Wakakubaliana naye palepale. Halafu kimya. Kwa kawaida kimya hicho ni kifupi, mchungaji anaombea chakula na maisha yanaendelea. Siku ile hakuna aliyesogea. Watu hawakunitazama, na hivyo ndivyo nilivyojua kwamba wote wananifikiria mimi.

Nilijua hesabu yao. Binti wa Mbulu alikuwa amebakiwa na mzee tu. Mzee amekufa. Sasa tutaona.

Ningesema nimemlipa. Nani aliona? Nilimtafuta kwa macho yule jirani wa palizi nikamwona, akiwa amekunja mikono kama wengine, mtu ambaye hakuwa ameona kitu kwa sababu sikumwita aone. Shahidi wangu pekee alikuwa chini ya udongo mbichi hatua chache kutoka tulipokaa. Kila mdaiwa duniani husema hivyo mdai wake akifa: nilimlipa juzi tu, tulikuwa wawili. Hata mimi nisingemwamini mtu wa namna hiyo. Na nikinyamaza, kimya changu kingetembea Bonga yote kabla sufuria hazijaoshwa. Nilimkasirikia marehemu, Mungu anisamehe. Nilimkasirikia kwa kushindwa kungoja siku mbili.

Na zile fedha? Huenda mwanawe alizikuta. Huenda mzee alizikwa nazo ndani ya koti lake. Sikujua, na hadi leo sijui.

Nilisimama. Nikashika bega la mama aliyekaa mbele yangu.

"Mimi nadaiwa na marehemu," nikasema. "Kipande cha mwisho cha mbaazi. Nitalipa msimu huu."

Kulikuwa na mguno, ule mguno wa watu walioridhika. Mwanawe alinitazama kwa muda, na uso wake ulilegea kwa mara ya kwanza tangu mvua ile iliyoniharibia. Akawageukia watu akawauliza watu wa namna hii wamebaki wangapi, maana mtu angeweza kusema alishalipa, na marehemu asingeamka kumbishia. Wazee wakaitikia. Mama yule aliyenivua kitenge alinishika kiuno akanikalisha taratibu kama mgonjwa. Mzee mmoja aliyewahi kuapa kwamba hatanipa hata punje alisema kwa sauti, ili wasikie, kwamba msimu ukifika nipite kwake.

Nililia sana. Walidhani ni kwa ajili ya marehemu na wakazidi kunipenda. Kwa kweli nililia kwa sababu sikuwa na fedha ile; nilikuwa nimeshaitoa. Nilikuwa nimerudi palepale kwenye beseni la kufulia, na safari hii hakukuwa na hasara ya kulaumu wala mvua.

Jioni niliporudi mjini, mwenye duka alimtuma mtu aniletee mafuta ya taa na kilo ya sukari. Habari ilikuwa imetangulia tena. Nilitaka kuvirudisha. Binti yangu alikuwa ameshafungua sukari.

Deni lile la pili lilinichukua karibu mwaka mzima, maana mwili wangu ulikuwa umechoka na hasira zilinifanya nichome mandazi vibaya. Kila nilipompelekea mwana wa mzee sehemu yake, nilimwita jirani ashuhudie. Mwana wa mzee hakuona vibaya, alisema ndiyo utaratibu. Mara kadhaa nilitamani kumweleza. Nilipanga maneno njiani, nikayatamka peke yangu barabarani, na kila nilipofika uani kwake niliyaona yalivyo, maneno ya mwizi. Nikimwambia ukweli, ningempoteza yeye na Bonga yote kwa siku moja. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimewaambia watu wale mambo ya kweli: lori limezama, mbaazi zimeota, nitalipa. Wakafunga milango. Niliwadanganya mara moja, mbele ya kaburi, wakaifungua.

Msimu ulipofika, mwana wa mzee aliniita. Alikuwa amepanga magunia ya mbaazi nje ya nyumba, kavu, safi, zimepepetwa vizuri. Alinisaidia kuyapakia kwenye mkokoteni kwa mikono yake. Nilimuuliza kama hataki kwanza tuite mtu aone idadi. Akacheka, akanipiga bega.

"Chukua, dada," akasema. "Wewe tunakujua."

Nikamshukuru, nikachukua.