Inzi Asiye na Mrija

Naona haya kulisimulia hili. Shinyanga waliniita Bwana Mbung'o, maana kazi yangu ilikuwa kutambua wale inzi wanaoua ng'ombe. Baba Kulwa, mfugaji wa Mhunze, aliniuliza kama msitu wa jirani ni salama. Nilimpiga picha inzi wa huko, studio wakaisafisha, nikaikagua: hana mrija wa kunyonyea damu. Mabawa yalilaliana kama ya mbung'o, lakini mtaalamu mimi nikayapuuza. Nikamruhusu Baba Kulwa achungie humo.

Akaja mjini kunishukuru, tukaenda studio ileile tupigwe picha pamoja. Mwenye studio akajisifu: "Yule inzi wako alikuwa na mkwaruzo mdomoni, kama sindano. Niliufuta, kama ninavyofuta chunusi za maharusi."

Baba Kulwa akanigeukia taratibu. "Bwana Mbung'o, ng'ombe wangu wako msituni tangu asubuhi."